Nilipokuwa Mwalimu Goso



Wapenzi wasomaji, wanafunzi wenzangu, na nyinyi wazee wetu mnaolisoma jarida hili majumbani, nimeombwa na wahariri niandike japo kidogo kuhusu mchezo wa kuigiza uliochezwa na watoto wadogo wa mtaa wetu hapa Unguja, katika sikukuu ya Mfunguo Tatu mwaka 2023. Wengi wenu mlikuwapo usiku ule, na mlicheka mpaka mkashika mbavu. Lakini aliyekaa kwenye jamvi huuona upande mmoja tu wa mchezo. Mimi nilikuwa upande wa pili, tena nikiwa nimelala chali na macho nimeyafumba. Nadhani upande huo nao una faida yake, hasa kwa wale watakaopewa kazi ya kucheza na watoto siku za mbele.

Hadithi tuliyoichagua ni ya hapa hapa kwetu. Ni ya mwalimu aliyeitwa Goso, aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mbuyuni kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika kwa heshima, kisha wakatoka kumsaka aliyemuua mwalimu wao. Wakaanza kwa Kusi, kwa kuwa upepo ndio uangushao matunda, wakampiga. Kusi akajitetea kwamba lau angekuwa na nguvu hivyo, asingezuiwa na kiambaza cha udongo. Wakaenda kwa Kiambaza, naye akasema lau angekuwa na nguvu asingetobolewa na panya. Panya akawapeleka kwa paka, paka kwa kamba inayomfunga, kamba kwa kisu, kisu kwa moto, moto kwa maji, maji kwa ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe kwa nzi anayemsumbua, na nzi akawapeleka kwa paa. Paa hakuwa na la kusema, wakamuua.

Hadithi hii ni kongwe. George W. Bateman aliiandika kwa Kiingereza katika kitabu chake cha hadithi za Unguja kilichopigwa chapa Chicago mwaka 1901. Lakini bibi zetu walikuwa wakitusimulia vibarazani bila ya kumjua Bateman wala Chicago.

Kwa watoto wadogo hadithi hii ni hazina. Kwanza, ina nafasi nyingi. Tulikuwa na watoto 17, mkubwa wao ana miaka 9 na mdogo miaka 5. Kumi na mmoja wakawa Kusi, Kiambaza, Panya na wenzao mpaka Paa, na sita wakawa wanafunzi wa Goso. Pili, kila mmoja ana maneno machache tu, na maneno yake yanamalizikia kwa jina la mwenziwe. Kamba akitamka "kisu", Kisu anajua kwamba zamu yake imefika, hahitaji kukonyezwa. Tatu, wengi wao walikuwa hawajajua kusoma. Basi tukawafundisha kwa njia ile ile ya chuoni: mkubwa anatamka, wadogo wanaitika, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka ulimi wenyewe unaijua njia.

Mazoezi yalichukua wiki tano, kila Alkhamisi na Ijumaa baada ya sala ya alasiri, kwa dakika 40 na si zaidi. Mtoto wa miaka 5 ukimzidishia hapo atakuachia mwili tu, akili itakuwa imeshakwenda kucheza kombolela.

Mimi nilikuwa mtu mzima peke yangu katika mchezo, nikawa Mwalimu Goso. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba katika kichekesho cha watoto, wa kuchekwa awe mkubwa. Mtoto akichekwa mbele ya watu 200 anaweza kulichukua jambo lile mpaka uzeeni. Mkubwa akichekwa huenda zake nyumbani akala wali wake akalala. Kwa hiyo tukamfanya Goso kuwa mtu wa majivuno: anawakataza wanafunzi kusinzia, kisha anasinzia mwenyewe, tena anakoroma. Watoto walilipenda jambo hili kuliko yote. Mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe akanikuta nimelala sakafuni, nimezungukwa, kila mmoja anajaribu kukoroma kama mimi. "Maalim," akaniambia kwa upole, "Jumamosi chuoni watakusikiliza kweli?" Nikamjibu, "Bi mkubwa, hiyo Jumamosi tutaiona."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Siku ya mazoezi ya kwanza tulifuata hadithi kama ilivyo. Buyu letu lilikuwa la magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga wa ngano, jepesi kabisa. Likaniangukia, nikaanguka, watoto wakanifunika khanga kama maiti. Wote wakacheka, isipokuwa mmoja. Mtoto huyu alikuwa na miaka 7, na baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alisogea taratibu, akainua pindo la khanga, akaweka kiganja chake karibu na pua yangu. Alikuwa anataka kujua kama ninapumua. Nikafumbua macho, nikamwambia, "Nipo." Akaishusha khanga, akarudi mahali pake bila ya neno.

Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu wetu mkuu wa madrasa nikamweleza. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshazungumza naye kuhusu uhalali wa mchezo wenyewe, kwani baadhi ya wazazi waliuliza, na ni haki yao kuuliza. Alitukumbusha kwamba furaha ya siku ya Idi si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mahabushi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama akiwa nyuma ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Na Mtume mwenyewe alimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kuhusu kindege chake. Lakini utani wake ulikuwa wa kweli, na ameonya vikali juu ya anayesema uongo ili awachekeshe watu. Mchezo ambao kila mtu anajua kuwa ni mchezo haumdanganyi mtu, alisema mwalimu wetu, maadamu unabaki hivyo. Ndiyo maana wazee hawakuanza hadithi mpaka wameita "Hadithi! Hadithi!" na wasikilizaji wameitika. Kuitika kule ni mkataba. Kila mtu ameshaambiwa kwamba yajayo ni ya kusimuliwa.

Nilipomsimulia habari ya yule mtoto na khanga, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kishakupa jibu. Mtoto mmoja anatazama kama unapumua na wenziwe wanacheka. Hapo mkataba hauko. Wengine wameitika, yeye hajaitika."

Basi tukaibadilisha hadithi. Goso wetu hakufa, alizimia. Hapakuwa na khanga wala maziko. Badala yake mwanafunzi mmoja anabaki na mwalimu, anampepea kwa kipepeo cha ukili mpaka wenziwe warudi, na mwisho anamdondoshea maji usoni ili azinduke. Nikawauliza watoto nani ataitaka kazi hiyo, maana haina maneno hata moja. Yule wa miaka 7 akanyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza.

Mabadiliko hayo yalizaa suala jingine, na walioliuliza ni watoto wenyewe. Ikiwa mwalimu hakufa, kwa nini Paa auawe? Msichana mmoja wa miaka 8, aliyekuwa Moto, alisema kwa sauti ya hakimu, "Tena Paa hakukusudia. Alikuwa anataka buyu, hakuwa anamtaka mwalimu." Mwenziwe akamjibu, "Lakini alikuwa anaiba." Wakajadiliana kwa zaidi ya robo saa, nami nikakaa kimya nikiwasikiliza, kwani watu wazima wenye vitabu wamezungumza mambo hayo hayo. Qur'ani imetenganisha kati ya anayeua kwa kukosea na anayeua kwa kukusudia, katika Suratun Nisaa, aya ya 92 na 93. Watoto hawa walikuwa hawajaifikia sura hiyo, lakini tofauti yenyewe waliiona. Hatimaye wakaamua Paa aombe radhi na ayagawe mabuyu yake kwa wote. Nilishuku kwamba ubuyu ndio uliowavuta zaidi kuliko uadilifu, lakini hukumu ilikuwa nzuri, nikaipitisha.

Usiku wa sikukuu tatu, baada ya sala ya isha, uwanja wa skuli ulijaa. Baraza ya darasa ndiyo iliyokuwa jukwaa letu, na wazazi walikaa kwenye majamvi chini. Kwa kuwa ulikuwa mwisho wa Juni, kusi la kweli lilikuwa likivuma kwa nguvu zake zote kutoka baharini. Mchezo ukaanza, nikajigamba, nikasinzia, nikakoroma, buyu likaniangukia, nikazimia. Kuanzia hapo sikuwa na mamlaka yoyote. Ndugu msomaji, jaribu kufikiri: umewafundisha watoto 17 kwa wiki tano, na wakati wenyewe ulipofika wewe umelala, huruhusiwi kusema, kukohoa wala kufumbua jicho. Nilichokuwa nacho ni masikio yangu, upepo wa kipepeo usoni, na yule kijana mdogo aliyepiga magoti ubavuni mwangu.

Mkasa wa kwanza ulikuja mapema. Kusi wetu, kijana mwembamba wa miaka 6, alikuwa anaeleza kwa huzuni jinsi kiambaza kinavyomzuia. Wakati huo huo kusi la kweli likavuma, likakibeba kiambaza chetu cha maboksi na kukiangusha chini kwa kishindo. Watu wakaangua kicheko. Yule mtoto aliyekuwa Kiambaza alikuwa nyuma ya maboksi, na sasa alionekana wazi amesimama peke yake. Nikasikia hatua zake zinasogea mbele, kisha sauti yake: "Boksi limeanguka, lakini mimi nipo." Niliambiwa baadaye kwamba alinyoosha mikono yake pande zote mbili, akasimama hivyo hivyo mpaka Panya akaja kumtoboa.

Mnyororo ukaendelea. Paka, Kamba, Kisu, Moto, Maji. Maji akataja ng'ombe. Kimya. Akataja tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Ng'ombe!" Kimya. Nikasikia minong'ono kwenye majamvi, kisha kicheko kidogo kidogo. Ng'ombe wetu alikuwa ndiye mdogo kuliko wote baada ya Paa, naye alikuwa na pembe nzuri za karatasi alizozipenda sana. Nilianza kufikiri nizinduke kabla ya wakati ili niuokoe mchezo. Hapo nikahisi pumzi ya mtoto sikioni mwangu. "Maalim," yule mpepeaji alininong'oneza, "Ng'ombe kamuona mamake, kakimbia. Usiamke."

Usiamke! Mtoto aliyeinua khanga kutazama kama ninapumua ndiye aliyekuwa sasa ananiamrisha nibaki nimezimia. Nikabaki.

Kisha nikasikia sauti ya Nzi. Alikuwa msichana wa miaka 6 mwenye mabawa ya mfuko wa plastiki, na zamu yake haikuwa imefika. "Ng'ombe kenda kwa mamake," akawaambia wanafunzi wa Goso, na watu wote wakanyamaza kumsikiliza. "Lakini mimi nilikuwa mgongoni mwake. Najua alichotaka kusema. Alitaka kusema: lau ningekuwa na nguvu, ningesumbuliwa na nzi?" Kisha akageuka upande wa pili, akabadilisha sauti, "Haya, na nzi ndiye mimi!" akaendelea na maneno yake mwenyewe kama kwamba mchezo ulitungwa hivyo tangu zamani. Wallahi nilitamani kucheka kuliko wakati wowote maishani. Nilijiuma mdomo. Tumbo langu lilikuwa likitikisika, na mpepeaji wangu, alipoliona, akaliwekea mkono juu yake kulituliza.

Ng'ombe alirudi mwishoni, amebebwa na mama yake, pembe zimepinda, ili naye apate mgao wa mabuyu. Paa akaomba radhi kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia ila mimi. Ikabaki kazi ya kunizindua. Katika mazoezi yule mtoto alikuwa akinidondoshea matone matatu ya maji. Usiku ule, sijui ni kwa furaha au kwa kutaka kuwa na hakika, alinimwagia kikombe kizima. Nilizinduka kikweli kweli.

Hayo ndiyo mliyoyaona nyinyi. Hili la mwisho hamkuliona.

Siku tatu baadaye nilikutana na mama wa yule mtoto njiani. Alinieleza kwamba usiku ule waliporudi nyumbani, mwanawe alimuuliza, "Mama, Baba angepepewa angeamka?" Tangu msiba utokee, hakuwahi kumtaja baba yake kwa mdomo wake. Mama akamjibu, "Hapana, mwanangu. Baba karudi kwa Mola wake. Maalim alikuwa anacheza tu." Mtoto akasema, "Najua. Maalim alikuwa anapumua wakati wote, nilimsikia." Kisha akaanza kusimulia habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda msikitini. Walikesha wakizungumza, akaniambia yule mama, na wote wawili walilia, na asubuhi yake mtoto aliamka akaomba chai na mkate kama watoto wengine.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimuombea dua marehemu, nikaenda zangu.

Nimelifikiri sana jambo lile. Sisemi kwamba mchezo ni dawa ya msiba, kwani kila nyumba ina jinsi yake ya kubeba msiba wake. Nasema tu kwamba mtoto yule alijua vizuri kuliko sisi mpaka ulipo kati ya mchezo na kweli. Tulipouvuka mpaka huo kwa khanga yetu, alikuja kuhakikisha. Tulipouheshimu, alikaa ubavuni mwangu akiwa na amani, na akapata mahali pa kuulizia suala alilokuwa amelificha kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, wenzangu mtakaopewa kazi kama hii, nakuombeni mzingatie mambo machache. Chagueni hadithi ambayo kila mtoto ana neno lake, hata likiwa moja. Anayechekwa awe mkubwa, wala asichekwe mtu kwa umbile lake, kwa kigugumizi chake wala kwa nguo zake. Msiufanyie mzaha msiba, kwani hamjui ni nani kati ya watoto amekuja nao kutoka nyumbani. Katika mazoezi msiwatazame wanaocheka tu. Mtazameni asiyecheka, kisha muulizeni kwa upole, au mumpe kazi inayomfaa bila ya kumuuliza. Na mkishawafundisha, waachieni mchezo wao. Ng'ombe akikimbia, subirini kidogo. Huenda yuko nzi mgongoni mwake anayeyajua maneno.

Ama ile Jumamosi aliyoitaja bi mkubwa, ilifika. Niliingia darasani, watoto wakasimama, wakanipa salamu kama desturi, wakakaa. Nilipofungua msahafu, mkono mmoja mdogo ulinyooshwa kutoka mstari wa nyuma.

"Maalim, leo huzimii?"

Nikamwambia leo tunasoma. Akasema, "Haya," akafungua juzuu yake, tukasoma.

Wabillahi tawfiq.